Handaki Moja, Watu Watatu: Jinsi ya Kutengeneza Filamu Fupi ya Vita vya Mahandaki

Kijana akiniambia anataka kutengeneza filamu ya vita, swali lake la kwanza huwa ni bunduki atazipata wapi. La pili, milipuko. Ukimuuliza nani amekaa ndani ya handaki hilo, na anamsubiri nani, anakutazama kama umemuuliza kodi ya pango. Mimi nimefanya filamu za namna hii mara mbili. Ya kwanza tuliifukia pamoja na handaki lake. Ya pili ilikamilika, ina dakika 12, na karibu yote niliyoyaandika hapa yametokana na makosa yaliyo kati ya hizo mbili.

Hatua ya 1: Chagua handaki moja na siku moja

Ukitaja vita vya mahandaki, akili ya mtu inakimbilia Ufaransa: mvua, tope la magotini, panya, na mstari wa mahandaki wa kilomita kama 700 kutoka mpaka wa Uswisi hadi pwani ya Ubelgiji. Tope hilo hulipati Himo wala Voi, na ukilimwagilia kwa mpira litakuumbua. Lakini vita hivyohivyo, Vita Kuu ya Kwanza, vilifika huku. Agosti 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaishika Taveta, wakakaa humo mpaka Machi 1916. Kwa sehemu kubwa vita vya Afrika Mashariki vilikuwa vya mguu na mzigo, mwendo wa miezi porini. Hata hivyo kuna mahali watu walichimba wakatulia wakangojana: Salaita, Mbuyuni, na kule Lindi, Mahiwa, ambako Oktoba 1917 walipigana siku nne mfululizo, tarehe 15 mpaka 18.

Mimi nilichukua Salaita kwa sababu ya jambo moja. Ni kilima kidogo kilichosimama peke yake nyikani, mashariki ya Taveta. Asubuhi ya tarehe 12 Februari 1916, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Malleson, watu kama 6,000, wengi wao Waafrika Kusini waliokuwa wageni kabisa wa nchi hii, lilikuja kukichukua. Mizinga yao ikapiga kileleni, kwa kuwa kileleni ndiko mahandaki yalikoonekana. Yale yalikuwa ya kudanganyia. Mahandaki yenyewe yalikuwa chini, kwenye mguu wa kilima, yamefichwa na vichaka. Waliopanda wakidhani juu kumeshasafishwa walipokelewa na risasi kutoka usawa wa magoti yao. Walirudi nyuma wakiwa wamepoteza watu kama 170, wafu na majeruhi pamoja, na wangeumia zaidi kama si kikosi cha Wabaluchi wa jeshi la India kilichosimama katikati.

Soma tena habari ya mahandaki ya kudanganyia. Nani aliyachimba? Nani alipanda kule juu na jembe akijua kwamba anachimba shabaha ya mizinga? Hapo ndipo filamu yetu ilipozaliwa: wapagazi wawili, mzee na kijana, na ombasha (yaani koplo) mmoja ndio watu wa handaki la chini. Alfajiri ombasha amemtuma yule kijana kileleni kulifuata debe la maji lililosahauliwa. Kijana hajarudi. Mizinga inaanza. Basi. Watu hawa ni wa kubuni, siku na mahali ni vya kweli, na hadithi nzima inaingia kwenye handaki la mita tisa.

Wewe unaweza kuchagua Mahiwa, au handaki la Waingereza upande wa pili wa nyika. Lakini andika hadithi yako kwa sentensi mbili kabla ya kununua hata jembe moja. Zikifika tano, una filamu ndefu, na fedha huna.

Hatua ya 2: Andika skripti ya kusubiri

Ukurasa mmoja wa skripti hukaribia dakika moja ya filamu. Andika kurasa 12, kisha kata mbili.

Handaki ni mahali pa kusubiri. Watu humo wanalala, wanajikuna, wanatoa funza kwenye vidole vya miguu kwa mwiba, wanagawana posho, wanagombana kwa ajili ya kivuli. Hofu inaingia katikati ya mambo hayo, nayo haisemi. Rasimu yetu ya kwanza ilikuwa na mzee anayelia, "Mwanangu atakufa kule juu!" na ombasha anayejibu kwa hotuba kuhusu vita vya wazungu. Wasanii walipoisoma kwa sauti, mmoja akapiga miayo. Hivi ndivyo ilivyobaki:

NDANI YA HANDAKI. ASUBUHI.
Ombasha anafuta bunduki kwa kipande cha kanga. Mzee ameegemea ukuta, debe tupu liko kati ya magoti yake.
OMBASHA: Wewe. Yule mtoto yuko wapi?
MZEE: Umemtuma maji, afande.
OMBASHA: Nimemtuma tangu alfajiri.
MZEE: Debe la pili lilibaki juu. Tulikochimba.
Kitu kinapita angani kwa mvumo. Wote wanatazama juu. Kishindo, mbali, nyuma yao.
MZEE: Leo wanapiga juu.
OMBASHA: Si ndivyo tulivyotaka?

Angalia wanavyoitana. Neno "afande" tunalolitumia kila siku kwa polisi na wanajeshi limetoka kwenye "efendi" ya Kituruki, likaingia kwetu na askari wa Kisudani waliosajiliwa na Wajerumani, sawa na "ombasha" na "shaushi". Ombasha wetu ni mdogo kwa umri kuliko mzee, lakini ana cheo na buti, kwa hiyo anamwita "wewe" tu. Mabadiliko yote ya mtu katika filamu hii tuliyaweka kwenye neno hilo: anaanza na "wewe", mizinga ikizidi anasema "mzee", na kwenye sini ya mwisho, akiwa amebeba debe yeye mwenyewe, linamtoka "baba". Mzee naye hamwiti tena afande. Watazamaji wa Kiswahili wanalisikia hilo bila kuonyeshwa kidole.

Dawa nyingine ya hotuba ni utani. Wapagazi wengi wa enzi zile walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, na safari za kwenda pwani ndizo zilizokuza utani wao na Wazaramo na wengineo. Mtani anaruhusiwa kukucheka hata msibani. Mfanye mmoja Mnyamwezi na mwingine Mzaramo, halafu waache wataniane wakati mizinga inalia. Huo mzaha utatisha kuliko kilio. Ila mwandikishe mtu anayeujua utani wenyewe, maana matusi ya kubuni yanajulikana upesi.

Hatua ya 3: Karatasi

Hii haina raha, imalize mapema. Tanzania unahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, barua ya serikali ya kijiji au mtaa, na taarifa kituo cha polisi cha karibu, hasa kwa sababu ya bunduki za mbao. Kenya leseni ya kushuti hutolewa na bodi ya uainishaji wa filamu, KFCB. Usitumie nguo yoyote inayofanana na sare za jeshi la sasa. Tanzania utakamatwa, na hakuna atakayesikiliza habari za mwaka 1916.

Kilima cha Salaita chenyewe kipo, na alama za mahandaki bado zinaonekana. Nenda ukatazame, pima kwa macho, piga picha, kisha uondoke bila kugusa jembe. Ni mahali pa historia panapolindwa na sheria, na ardhi iliyopigwa mizinga inaweza kuwa na vitu usivyotaka kuvigonga. Handaki lako lichimbe kwenye shamba la mtu uliyekubaliana naye kwa maandishi, pamoja na tarehe ya kulifukia.

Hatua ya 4: Chimba

Chimba kiangazi. Sisi mara ya kwanza tulianza katikati ya Machi, tukajiona wajanja kwa kuwa ardhi ilikuwa imelainika. Masika yakashuka usiku wa tatu. Asubuhi tulikuta mfereji wa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mbuzi wa jirani ndani yake, mzima lakini amekasirika. Kuta zilikuwa zimeporomoka upande mmoja, upande uleule ambao jana yake watu wanne walikuwa wamekaa wakila ugali.

Kwa hiyo usalama unakuja kabla ya urembo. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Ukuta ukimwangukia mtu mpaka kifuani, hatoki kwa kuvutwa mkono. Usichimbe kuzidi mita moja. Kina kingine kitafute juu: panga mifuko ya udongo kwenye ukingo mpaka sentimita 60 au 70, na handaki lako litakuwa na mita 1.7 mbele ya kamera bila kumzika mtu. Mifuko hiyo usiiweke pembeni kabisa mwa shimo. Acha nafasi ya nusu mita. Nafasi hiyo inapunguza uzito ukingoni, na ndiyo hiyohiyo askari wa kweli walikuwa wakiegemeza viwiko wakati wa kulenga, kwa hiyo usalama na historia vimekubaliana. Kuta zilale kidogo kwa nje, zisisimame wima kama za kaburi.

Urefu wa mita tisa unatosha, na kona mbili. Usichimbe handaki lililonyooka hata likiwa la mita 30. Mahandaki yalipindishwa ili kombora likiangukia sehemu moja lisiue watu wa sehemu ya pili, na adui akiingia asiweze kupiga risasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwako wewe kona ina kazi ya tatu, nayo ni kuficha kwamba handaki limekwisha. Msanii akipinda kona anapotea, anazunguka nyuma, anaingia tena upande ule mwingine, na kwa macho ya mtazamaji ametembea robo kilomita.

Upana wa chini uwe mita 1.2. Handaki halisi lingeweza kuwa jembamba zaidi, lakini kamera, mshika maiki na msanii hawapiti pamoja kwenye sentimita 80. Mahali ambapo utashuti mazungumzo marefu, vunja ukuta mmoja kabisa: chimba hapo kama jukwaa lililo wazi upande wa kamera, halafu ukuta wa nyuma ndio uonekane. Shoti zetu nyingi za uso zilichukuliwa hapo, na hakuna aliyegundua.

Mwelekeo: chimba kutoka kaskazini kwenda kusini. Asubuhi ukuta wa mashariki una kivuli na wa magharibi umewaka, jioni kinyume chake, hivyo kwa siku moja unapata "asubuhi" mbili na "jioni" mbili. Mchana kati pumzikeni. Jua la huku saa sita linaingia moja kwa moja mpaka chini ya shimo, linatia macho vivuli vyeusi, na watu wamechoka hata hivyo.

Udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, uweke chungu yake peke yake, mbali na ule wa chini. Utaona baadaye kwa nini. Mifuko ya salfeti usiitumie kwa mbele, inang'aa kwenye lenzi kama bati jipya. Tumia magunia ya katani, na hayo ya salfeti yafiche chini au yapake tope. Mbele ya ukingo weka matawi ya migunga yenye miiba, yaliyokauka. Boma la miiba ndilo lililokuwa wigo rahisi wa nchi hii, linaonekana vizuri dhidi ya anga, na halina gharama zaidi ya mikwaruzo.

Kila asubuhi kabla ya mtu kuingia, mmoja apite na fimbo na tochi. Sisi tuliwahi kumtoa nge kwenye kiatu cha ombasha.

Hatua ya 5: Watu, nguo na vitu vya mkononi

Tafuta wasanii watatu wanaojua kunyamaza. Msanii aliyezoea tamthilia atataka kuzungumza hata kwa nyusi. Mpe kazi ya mikono kila sini, kama kushona, kuchonga au kupembua mahindi, na nyusi zitatulia.

Nywele ziangalie kwanza. Tulimpata kijana mzuri sana, uso wa huzuni, tukamweka kwenye kamera na kugundua kinyozi wake alimfanyia fedi wiki ile ile. Nyoa wote upara au waache waote wiki tatu kabla. Kitu cha pili sikukifikiria mpaka kwenye uhariri: kovu la chanjo begani. Chanjo ya kifua kikuu ilianza kutumika kwa binadamu mwaka 1921. Mpagazi wa 1916 aliyevua nguo hawezi kuwa na kovu lile, na wasanii wetu wote walikuwa nalo. Paka tope, au mwekee kipande cha gunia begani. Wapagazi walikuwa wakiweka kitu begani kupunguza makali ya mzigo, basi kovu na historia umevifunika kwa gunia moja.

Askari wa Kijerumani alivaa kaki, kofia yenye kitambaa cha kufunika shingo nyuma, buti, na vitambaa vya kuzungushia miguu kutoka kifundoni mpaka chini ya goti. Askari wengi wa King's African Rifles upande wa pili walikuwa wakitembea pekupeku au na ndara, kwa hiyo usiwachanganye. Mpagazi alivaa alichotoka nacho nyumbani. Nguo mpya zifue mara tano, zisugue kwa tofali, zizike usiku mmoja kwenye udongo uleule wa handaki ili rangi ya nguo na ya ukuta ziwe ndugu.

Debe liwe la bati, lenye mshono uliozibwa kwa madini ya risasi. Kidumu cha plastiki kikionekana hata kwa nusu sekunde, umerudi mwaka huu. Vilevile zipu, saa, pete za ndoa na nguzo za umeme. Na hapa kuna mtego wa watu wa Kilimanjaro: usiweke Kibo nyuma ya picha. Mwaka 1912 barafu ya mlima ilikuwa kama kilomita za mraba 12, siku hizi haifiki mbili. Mlima wenu wa leo ni mkavu mno kwa filamu ya 1916. Ngoja mawingu, au elekeza kamera nyikani.

Bunduki mwagize fundi seremala. Askari wengi wa Kijerumani walibeba Mauser ya mwaka 1871, silaha iliyokwisha kuzeeka, na baruti yake ilitoa moshi mzito mweupe uliomwonyesha adui ulipo. Andika hilo kwenye skripti: mtu anaogopa kupiga risasi kwa sababu moshi wake utamsaliti. Kitako kichongwe kwa mbao ngumu, mtutu uwe bomba la plastiki la nyaya za umeme lililopakwa rangi nyeusi, kisha likisuguliwa kwa unga wa penseli mpaka litoe mng'ao wa chuma. Bombomu, yaani bunduki ya rashasha, hatukulitengeneza kabisa. Linasikika tu, na watu wanaliogopa vizuri zaidi.

Hatua ya 6: Kushuti

Nilijiwekea sheria moja, nawe naomba uijaribu: kamera haiinuki juu ya ukingo wa handaki. Adui haonekani. Uwanja hauonekani. Kuna kuta, nyuso, na utepe wa anga. Sheria hiyo inakuokoa kutafuta waigizaji 200 wa jeshi, na inamweka mtazamaji pale alipo mpagazi, ambaye hakupewa ruhusa ya kuchungulia. Sisi tuliivunja mara moja tu, kwenye sini ya mwisho, pale ombasha anapopanda kutoka.

Ndani ya kona tumia lenzi pana, mfano milimita 24, ukiwa karibu sana na uso. Ukitaka handaki lionekane refu na limejaa watu, rudi mwisho wa shimo na lenzi ya milimita 85, watu watatu wakipishana wataonekana kumi. Ukiwa na simu tu, funga mwanga usijibadilishe wenyewe, maana simu ikiona anga itaugeuza ukuta kuwa giza. Kitambaa cheupe kilichotandazwa chini, nje ya picha, kitarudisha mwanga usoni kuliko taa yoyote uliyokodi.

Panga ratiba kwa uchafu. Sini za mwanzo, wakiwa safi, kwanza. Za vumbi na jasho mwisho. Msanii anayeoshwa katikati ya siku harudi kuwa mchafu kwa namna ileile.

Milipuko ya makombora shuti hivi: watu wawili nje ya picha wakiwa na karai la udongo uliochekechwa, hesabu moja mbili tatu, udongo unamwagwa kutoka ukingoni wakati mshika kamera anaitikisa kamera kidogo na wasanii wanajikunja. Inatosha. Kamwe usitumie unga wa mahindi au wa ngano kuwa vumbi kama kuna moto au sigara karibu. Unga ukielea hewani unashika moto kwa mkupuo. Moshi wetu tuliupata kwenye nyasi mbichi juu ya jiko la mkaa, upande wa upepo, na ndoo mbili za maji kando.

Fataki usilete. Filamu ile ya kwanza tulipiga tatu tu. Nusu saa baadaye walifika askari polisi wawili kwa bodaboda, wakakuta watu wenye bunduki ndani ya shimo, na siku nzima ikaishia kituoni tukieleza Vita Kuu ya Kwanza kwa mpelelezi aliyekuwa hajala mchana.

Hatua ya 7: Sauti, halafu uhariri

Ukiwa na shilingi kumi, saba zipeleke kwenye sauti. Sini yetu yenye nguvu kuliko zote haina chochote cha kutazama: ni uso wa mzee kwa sekunde 40, na mizinga.

Ijue hesabu yake. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mzinga uliopo kilomita tatu ukifyatuliwa, moshi wake unaonekana papo hapo, mlio unafika baada ya sekunde karibu tisa. Filamu nyingi huunganisha mwanga na mlio pamoja, na sikio linajua kuna uongo. Sisi tulifanya hivi: kwanza mvumo unapita juu ya vichwa, kishindo kinaanguka kilimani nyuma, halafu baadaye, kwa upole kabisa, mlio wa mzinga wenyewe unafika kutoka nyikani. Mzee anahesabu kwa vidole. Anapofika kidole fulani kila mara, mtazamaji naye anaanza kuhesabu, na hapo umempata.

Kurekodi siku ya kushuti, maiki ndogo ya kifuani ifiche ndani ya gunia la begani. Jenereta liweke mbali mita 100 na liwe nyuma ya udongo mliouchimba. Halafu kabla ya kufunga kila lokesheni, wote wanyamaze dakika mbili, rekodi kimya cha handaki peke yake. Kimya cha shimo si kimya cha chumba: kina upepo unaopita juu, nzi, punje za udongo zinazoteleza. Utakishona chini ya kila sini.

Vishindo tulivitengeneza kwa kudondosha gunia la mchanga kwenye sakafu ya stoo, tukapunguza kasi ya sauti mpaka nusu, tukaondoa makali yote ya juu. Mvumo wa kombora ni kipande cha kitambaa kinachochanwa taratibu karibu na maiki, nacho kimepunguzwa kasi. Muziki tulijaribu, tukautoa. Ukiona sini haisimami bila fidla, rudi Hatua ya 2.

Kwenye uhariri ufyekeo mkubwa ulikuwa wa mwisho. Tulikuwa na maandishi marefu ya kueleza kwamba wapagazi zaidi ya 90,000 wa upande wa Waingereza pekee walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi, na kwamba Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni jina la Carrier Corps, kikosi chao, lililotafunwa na ndimi zetu. Ni kweli yote. Lakini yalikuja juu ya uso wa ombasha anayesema "baba", na macho yakamwacha yakaanza kusoma. Tuliyahamisha baada ya majina ya wasanii, sentensi mbili tu, herufi nyeupe. Kila tulipoionyesha, kuna mtu aliyebaki kwenye kiti akinong'ona "Kumbe Kariakoo..."

Tafsiri ya chini ya picha iandikwe na mtu, isiandikwe na programu. Programu itageuza "wewe", "mzee" na "baba" kuwa neno moja, na filamu yako imekwisha. Dakika 12 zinapokelewa kwenye matamasha mengi, ZIFF ya Zanzibar ikiwemo. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kuionyesha popote mtandaoni.

Hatua ya 8: Fukia

Siku ya mwisho ya kushuti msiondoke. Hesabuni majembe, sururu, bunduki za mbao na madebe, halafu fukieni handaki siku hiyohiyo, kwa sababu kesho hakuna atakayerudi na mbuzi hasomi mkataba. Udongo wa chini unaingia kwanza, mnaushindilia kwa miguu kila nusu mita. Ule mweusi mliouweka peke yake ndio wa juu, uwe umeinuka kama kiganja kwa kuwa utashuka mvua ikinyesha. Mwenye shamba wetu alitembea juu yake mara mbili akikanyaga kwa kisigino, akauliza kama lile debe la bati tunalihitaji tena, akaondoka nalo.